Ngome Ndani ya Eda

Mume wangu alianguka mkarafuu asubuhi, umande bado haujakauka majanini, na ilipofika alasiri alikuwa ameshazikwa. Uso wake sikuuona. Wanaume waliomtoa shambani walimleta ameshafunikwa gubigubi, wakamwosha wenyewe kwa wenyewe chumba cha uani, wakamkafini, halafu mkubwa wao akatokeza mlangoni akasema, "Wanawake msifunue. Muombeeni dua, inatosha." Nilikuwa nimeshikwa huku na huku na watu wawili, nikanyamaza. Mimi! Mimi ambaye Wawi nzima wananijua kwa mdomo. Siku moja tu maishani nilipotakiwa nibishane, nikashindwa. Ningewatukana wanaume wale nikaifunua ile shuka, mimi na mama yake tungeona kilichokuwapo, tukalia mpaka tukachoka, yakaisha. Haya ninayoyaandika yasingekuwapo.

Kwa hiyo nikaingia edani nikiwa nimeagana na shuka.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenishika mkono kuniingiza chumbani. Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee, na sisi hatukujaaliwa mtoto, basi nyumba ile tulibaki wawili: yeye chumba chake, mimi changu, na katikati ukuta usiofika juu, kama kuta za nyumba nyingi za kwetu. Ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakwambia pole. Miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe mbili za kubadilisha. Hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kuchungulia dirishani. Mwanamme asiye maharimu asinione wala nisimwone. Asubuhi wanawake walikuja kunikalia, wanasoma, wanahadithiana, wananiangalia kwa jicho la pembeni waone nimekonda kiasi gani. Adhuhuri wanakwenda kupika kwao. Kuanzia hapo mpaka alasiri nilikuwa peke yangu na mkeka, na mvua za vuli zilishaanza, na huko nje harufu ya karafuu za watu zilizoanikwa inaingia kila tundu. Nilikuwa naichukia harufu ile mpaka natapika.

Wiki ya tatu nikafungua mtoto wa meza kutafuta sindano, nikakikuta kidude chake cha gemu.

Alikinunua mjini Chake, cha mkono wa pili, kwa fundi wa simu. Kipana kidogo kuliko kiganja, kioo katikati, vibatani kushoto na kulia, na kona moja imepasuka akaibana kwa gundi. Nilimsimanga nacho vya kutosha. Ndevu zote zile, mchana anatengeneza pikipiki za watu, jioni amejikunja kitandani anafukuzana na mashetani! Nilikuwa namwambia, "Malaika wanakuangalia, wanaona aibu wao." Naye anacheka tu, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kukasirika, na hilo nalo lilikuwa linanikasirisha.

Gemu yenyewe ilikuwa moja tu. Kuna ngome ya mawe juu ya jabali, mvua haikatiki, na ndani yake mna mtu mmoja aliyevaa joho jeusi, ana upanga, anatafuta njia ya kutoka. Joho lenyewe refu, la heshima, kama alilovaa yeye siku ya harusi yetu. Nilipomwambia hivyo alifurahi siku nzima. Ngome ina vyumba havihesabiki. Unapoanza, ramani ni nyeusi tupu, na kila chumba unachokiingia kinawaka rangi ya buluu. Milango mingine haifunguki mpaka uende mbali ukapate kitu fulani, halafu urudi ulikotoka. Kila baada ya vyumba kadhaa kuna kimoja chenye mshumaa mwekundu. Hapo hakuna shetani anayeingia, na hapo ndipo unapohifadhi ulipofika. Ukifa, unarudishwa kwenye mshumaa.

Jioni ya mwisho aliniita kutoka chumbani: "Njoo uone, nimefika mlangoni!" Nilikuwa uani nachambua karafuu na mama yake, vidole vimeniganda. Nikamjibu, "Wenzako wanachambua karafuu, wewe unafungua milango ya mashetani." Akasema, "Haya basi, kesho naingia." Alfajiri akatoka na kamba yake ya kupandia mikarafuu, kama wanaume wote wakati wa msimu.

Nilikiwasha nione tu. Wallahi nione tu. Na pale alipoishia palikuwa vilevile: yule mtu wa joho amesimama kando ya mshumaa, mbele yake mlango mrefu mweusi. Chini ya kioo imeandikwa tarehe na saa ya mara ya mwisho alipohifadhi. Jioni ile. Saa moja na dakika chache, baada ya magharibi, mimi nikiwa uani na ulimi wangu mrefu. Nililia nikauma kanga nisisikike.

Siku ya pili nikakiwasha tena. Siku ya tatu nikajaribu kumtembeza. Kiingereza changu cha skuli kilinitosha kujua jambo moja la muhimu: gemu ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Ukihifadhi kipya, cha zamani kimekwenda. Basi nikajiwekea sharti: nitacheza, lakini sihifadhi. Jioni yake haiguswi. Kila adhuhuri nitaanzia pale pale alipoishia, na nikizima, yeye atarudi mshumaani kunisubiri.

Sasa niseme ukweli, gemu ile ilinikamata. Sikujua kwamba woga una utamu. Kuna kinanda kizito kinacholia kwa mbali, huoni anayekipiga, na kadiri unavyoteremka chini ya ngome kinazidi kukaribia. Unasikia minyororo chumba cha pili kabla hujafungua. Moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa, na bado unataka mlango mmoja zaidi, kimoja tu, uone nyuma yake mna nini. Mimi niliyekatazwa kuvuka kizingiti nilikuwa nazunguka maktaba, makaburi, jiko lenye masufuria ya kuchemshia watu, mnara wa saa. Nilijua njia za ngome ile kuliko njia za soko la Chake. Wanawake wakija asubuhi kunipa pole, mimi rohoni naomba waondoke.

Lakini mlango mweusi ulinishinda. Ndani yake amekaa bibi mmoja mrefu, mweupe, hana macho, nguo nyeupe mpaka chini. Akisimama, sakafu inabomoka vipande vipande, na usiporuka kwa wakati wake unaanguka shimoni. Mara ya kwanza yule mtu wa joho alipoanguka, mikono imetanda, joho limepaa juu, nilipiga ukelele: "Usianguke!" Kisha kioo kikawa cheusi.

Upande wa pili wa ukuta mama mkwe akauliza, "Unasema na nani?"

"Nasoma, mama."

Na mimi, badala ya kushika adabu, kesho yake nikaendelea. Ukiwa peke yako siku nyingi unasema kwa sauti bila kujua. Nilikuwa namwonya: "Usiingie huko." Namhimiza: "Ruka! Yuko nyuma yako!" Siku mbaya nilimkemea, "Mbona unarudi chini tena, we mwanamme?" Yote hayo yalipita juu ya ukuta.

Nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaelewa. Mama mkwe aliacha kusema "marehemu". Alianza kusema "mwanangu", kama zamani. Watu walipotaka kupanga khitma yake ya siku arobaini, aliwajibu kwa ukali kwamba hana haraka. Adhuhuri, badala ya kulala, alikuwa anavuta kigoda mpaka kwenye ukuta. Nilikisikia kinakwaruza sakafu, halafu kimya, halafu pumzi zake. Nilikuwa nacheza gemu ya kutisha huku najua kuna mtu ananisikiliza bila kusema neno.

Siku moja aliniletea uji, akauweka chini, hakuondoka. Akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, "Leo wamemweka wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifiche. Mie nasikia. Jana ulisema yuko chini, kwenye minyororo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu akianguka mkarafuu kwetu, hawakosi wa kunong'ona kwamba hakuanguka bure. Wanasema wachawi wamemchukua, yuko hai anatumikishwa kizani, na kilichozikwa ni gogo la mgomba. Nilikuwa nayajua maneno hayo tangu utotoni, na nilikuwa nawacheka wanaoyasema. Sikuwaza hata siku moja kwamba nimekaa mwezi mzima namsimulia mama wa watu mwanawe yuko kifungoni.

Nilipandwa na hasira, kwa sababu niliogopa. "Mama, mwanao amekufa! Astaghfirullahi, usiseme hivyo!"

Akaniangalia. "Uso wake uliuona?"

Uji ulipoa pale pale mbele yetu.

Nikaamua kumwonyesha. Nilidhani ndiyo dawa: akikiona kidude, atacheka, tutacheka wote, tutalia, mambo yatakwisha. Nikamkalisha kitandani, nikakiwasha. Macho yake yana mtoto wa jicho, alikishika karibu na pua. Mtu wa joho alikuwa amesimama mshumaani. Wale mafundi waliotengeneza gemu, sijui kwa nini walihangaika hivyo, walimfanya apumue: ukimwacha, mabega yanapanda, yanashuka, yanapanda, yanashuka.

"Anahema," mama mkwe alisema.

"Mama, ni gemu."

"Najua ni gemu. Nani kasema si gemu? Redio nayo ni redio, lakini anayesema ndani ni mtu." Akagusa kioo kwa kidole. "Ntu yuno anahema. Na joho lake ni lile lile."

Nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia kuna watu elfu wana kidude kama hiki na mtu kama huyu. Akasema hao nao wana mama zao. Nilimwambia mwanawe ndiye aliyekuwa akimchezesha, hakuwa ndani. Akasema, "Ndipo walipomnasia hapo." Kila nilipofunga mlango alikuwa ameshapita dirishani. Mwisho aliuliza kwa nini hatoki, nikamwonyesha mlango mweusi na bibi mweupe. Alimtazama sana yule bibi. Halafu akanitazama mimi, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Anayemzuia kavaa kama weye," alisema.

Loo! Nilitaka kumtupia kile kidude ukutani. Lakini usiku ule nilipotandika nguo yangu ya pili nyeupe juu ya kiti niliiona imekaa vibaya, nikaikunja nikaiweka chini ya mto.

Kuanzia hapo alikuwa anaingia kila adhuhuri, wageni wakishaondoka. Anakaa kando yangu na msahafu. Mimi nacheza, yeye anasoma Yasini, na nikifika kwa yule bibi anainama anapuliza kwenye kioo mpaka kinapata ukungu sioni kitu. "Mama, unanimalizia mtu!" nilikuwa nampigia kelele. Akajifunza kupuliza pembeni. Neno lake lilikuwa moja tu: "Mtoe." Hakula vizuri, hakulala. Kila mtu wa joho alipoanguka shimoni alifumba macho na mkono wake unanibana goti, na hakusema kitu, anasubiri nianze tena. Kwa siku nilimwangusha mara kumi, kumi na tano. Mama yuleyule ambaye hawakumruhusu kumwona mwanawe aliyeanguka mara moja tu.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukukivunja kile kidude? Nimejiuliza na mimi. Kwanza kwa sababu ya jioni yake iliyokuwa mle. Na pili, haya niyaseme yaishe: kwa sababu kuna nyakati, pale kinanda kinapolia na mvua ya nje na mvua ya ngome zikawa moja, hata mimi nilitaka atoke. Sikuuona uso. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimesoma, nacheka mambo ya uchawi, na nilikuwa namwomba Mungu mikono yangu isikosee kuruka.

Haikukosea. Ilikuwa siku kama nyingine, mwezi wa nne wa eda umeshaingia. Sakafu ilibomoka, nikaruka, nikaruka tena hewani, upanga ukampata yule bibi mweupe shingoni, akayeyuka. Mama mkwe alisema "Allahu Akbar" kwa sauti ndogo sana. Nyuma ya mlango ngazi ndefu ya kupanda, hakuna shetani hata mmoja, muziki umekoma. Nikampandisha. Juu kabisa kuna lango, na nje ya lango mvua imekatika, mwezi umetoka, na kijia kinateremka kwenye msitu. Kando ya kijia, mshumaa mwekundu.

Kioo kikauliza: cha zamani kifutwe, kipya kihifadhiwe? Ndiyo au hapana.

Nikataka kuzima.

"Ukizima, anabaki pale?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana. Anarudi ndani."

"Kwa yule bibi?"

"Kwa yule bibi, ndiyo."

Hakunilazimisha. Angenilazimisha ningekataa, najijua. Alinishika tu mkono. "Mwanangu," alisema, "mwenzio nimezeeka. Usimrudishe." Niliangalia ile tarehe chini ya kioo, ile saa moja na dakika chache. Ndicho kitu cha mwisho alichokifanya duniani kwa kutaka mwenyewe, bila kuamshwa, bila kutumwa. Kilikuwa changu peke yangu. Nikabonyeza ndiyo.

Tarehe ikabadilika ikawa ya siku ile. Mama mkwe alinibusu mikono yote miwili, akaenda kuswali rakaa mbili za shukurani, na nilimsikia juu ya ukuta analia kilio chepesi, cha mtu aliyetua mzigo. Nikafikiri, alhamdulillahi, basi tumemzika. Hata kulala nililala siku ile, mara ya kwanza.

Nilipoamka alasiri nilisikia anafagia uani. Akafagia mbele ya nyumba, akafagia mpaka njiani. Kabla ya magharibi akapika muhogo wa nazi na samaki changu, na nikasikia sahani tatu zinatolewa. Yangu aliniletea. Yake alikula. Ya tatu aliifunika kawa akaiweka mezani karibu na mlango, na ule mlango tuliokuwa tunauondoa komeo alfajiri tu akauacha wazi.

"Mama," nilisema kutoka chumbani, "sahani hiyo ya nani?"

"Atakuja na njaa," alisema.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Chakula kilicholala alikuwa anawapa kuku asubuhi, anaosha sahani, anaanza upya. Jirani alimuuliza kwa nini analala mlango wazi na haogopi, akajibu ana mtu njiani. Wiki ya kwanza alikuwa na furaha, anaimba imba. Wiki ya pili akaanza kuja kukaa kizingitini pangu bila kusema, ananiangalia. Siku moja akauliza, "Msitu ule una maji?" Nikasema sijui. Siku nyingine, "Viatu anavyo?" Nilikiwasha kidude nikatazama. Alikuwa navyo. Nikamwambia anavyo. Wiki ya tatu aliacha kuimba. Nilimwambia tena kwamba ni gemu, kwamba mwanawe yuko kaburini kando ya baba yake, nililia, nilipiga magoti. Alinifuta machozi kwa kanga yake mwenyewe. "Kama hajatoka," aliniuliza, "ulinionyesha nini?"

Siku eda yangu ilipokwisha, somo yangu, yule aliyenifunda wakati wa harusi, alikuja alfajiri akaniosha, akanivua ile nguo nyeupe, akanifukiza udi baada ya miezi minne na siku kumi. Wanawake walipiga dua, wakala maandazi, wakaondoka kwenda makwao. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kashika buibui langu mkononi, kalipiga pasi.

"Sasa unaweza kutoka," alisema. "Mie miguu yangu haina nguvu, ningekwenda mwenyewe. Siku ya ishirini na tano hino tangu umemtoa, na hajafika. Kapotea njia mwanangu. Nenda weye kamchukue, weye ndiye uliyeiona."

Nilitazama meza iliyo karibu na mlango, sahani ya tatu imeshafunikwa kawa.

Akanivalisha lile buibui yeye mwenyewe, akanifunga kamba za shingoni polepole, akaniambia nisichelewe, chakula kitapoa.